Picha ya Mnyama: Windo au Ukumbusho? Mapenzi ya George Eastman Yakihakikiwa kutoka Lubumbashi

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili una mazoea ya siku nyingi ya kuchambua ushairi, riwaya na tamthilia. Picha ya kamera, kinyume chake, aghalabu huachiwa wanahistoria na wanahabari, kana kwamba haina utungo. Makala haya yanakusudia kuisoma picha ya mnyama wa porini kama matini nyingine yoyote. Ina mtungaji wake, hadhira yake, msamiati wake, na pia kimya chake. Na kimya cha matini, kama kila mwanafunzi wa isimu ajuavyo, huwa na maana.

Mfano tuliouchagua ni wa George Eastman (1854-1932), mfanyabiashara wa mji wa Rochester nchini Marekani na mwasisi wa kampuni ya Kodak. Msomaji wa Lubumbashi anaweza kuuliza: Rochester na sisi tuna nini? Tuna mambo mawili. Kwanza, ni Eastman aliyeifanya picha iwe bidhaa ya watu wote, kisha uzeeni akaja mwenyewe Afrika ya Mashariki na kamera mkononi kuwatafuta wanyama. Desturi ya picha za porini tuliyoirithi ilikuzwa kwa fedha zake na kwa mitambo yake. Pili, miaka michache baada ya kifo chake, kampuni tanzu ya Kodak ilisimamia, tangu 1943 hadi 1947, kiwanda cha Oak Ridge kilichochuja urani ya bomu la Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani ya Marekani wakati huo ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kwa hiyo Katanga na Kodak si wageni kabisa.

Hoja yetu ni moja. Katika mapenzi ya Eastman, picha ya mnyama ilipimwa kwa kipimo cha windo: nani kaipata, kakaribia kiasi gani, kahatarisha nini. Lubumbashi ina kipimo kingine, kilichokomazwa na wachoraji wake: ukumbusho. Tutaonyesha kwamba vipimo hivi viwili huzaa hukumu tofauti juu ya picha ileile, na kwamba tofauti hiyo si ya nadharia tu. Inagusa uhai wa mnyama anayekaribia kutoweka katika mkoa wetu wa zamani wa Katanga.

2. Lugha ya bunduki na lugha ya kamera

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Kiswahili husema kupiga picha. Ingekuwa haraka mno kudai kwamba kitenzi hiki kinabeba harufu ya baruti. Kupiga ni kitenzi chepesi kinachobebeshwa maana na kijalizo chake: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mbizi, tunapiga magoti, na katika yote haya hakuna anayeumia. Lakini mara kijalizo kinapokuwa mnyama, mambo hubadilika. Mtu akisema amempiga nyati, hakuna atakayedhani kwamba nyati yu salama.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi utata huu huongezeka. Wasemaji wengi wa hapa hutamka kupika pale Kiswahili sanifu kinaposema kupiga, na hutumia nyama kwa maana ya mnyama na kwa maana ya kitoweo pia. Hivyo tungo alipika nyama ina maana mbili zinazofuatana kama tendo na matokeo yake: alimpiga mnyama, alipika kitoweo. Lugha yetu ya kila siku inakiri waziwazi kwamba mnyama wa porini ni chakula. Hatuoni haya kwa hilo. Lugha inayomwita mnyama nyama haimfichi msikilizaji kinachotendeka.

Lugha za Ulaya zilificha zaidi, ingawa chimbuko lao ni lilelile. Neno ambalo Waingereza huitia picha ya papo kwa papo lilikuwa kwanza neno la wawindaji, likimaanisha risasi ifyatuliwayo upesi bila kulenga kwa muda mrefu. Wafaransa mpaka leo humwita mpiga picha za porini mwindaji wa picha. Mwaka 1882 mwanasayansi Mfaransa Étienne-Jules Marey aliunda kamera yenye kitako na mtutu, mfano wa bunduki, ili anase mruko wa ndege kwa picha 12 katika sekunde moja. Naye Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za usiku kwa mwako wa magnesi katika nchi ambayo leo ni Tanzania, aliandika kitabu, kilichotoka 1905, ambacho jina lake linaiweka taa na bunduki sambamba. Kwa hakika vitu hivyo viwili vilisafiri katika mzigo mmoja. Huo ndio ulimwengu wa lugha na wa zana ambao Eastman aliurithi.

3. Mwenye kiwanda na safari yake

Eastman alikuwa karani wa benki aliponunua vifaa vyake vya kwanza vya picha mwishoni mwa miaka ya 1870. Vilikuwa vizito na vigumu kutumia, naye akaazimia kuvirahisisha. Kamera ya Kodak ya mwaka 1888 iliuzwa kwa dola 25 ikiwa tayari na filamu ya picha 100. Mnunuzi alipozimaliza aliirudisha kamera nzima kiwandani ikasafishiwe huko. Mwaka 1900 ilifuata kamera ya Brownie, iliyouzwa dola moja tu. Ahadi ya biashara hii ilikuwa wazi: mteja abonyeze, kampuni ifanye yaliyobaki.

Mhakiki hana budi kuitia alama ahadi hiyo. Inagawa tendo la kupiga picha katika sehemu mbili. Iko sehemu inayoonekana, ya yule anayebonyeza, na iko sehemu isiyoonekana, ya wale wanaofanya yaliyobaki. Jina la picha humfuata wa kwanza. Mgawanyo huu ulizaliwa kiwandani Rochester, lakini tutaukuta ukifanya kazi vilevile porini.

Eastman hakuoa. Alipenda muziki, uwindaji na maisha ya mahemani, na kwa miaka mingi alikuwa akitoroka ofisi kwenda nyikani. Alipoacha urais wa kampuni mwaka 1925 alikuwa na nafasi ya kuyafuata mapenzi yake hadi mwisho. Alikuwa amekwisha kuwekeza fedha katika kazi ya Martin na Osa Johnson, mume na mke waliokaa kwenye ziwa moja la Marsabit, kaskazini mwa Kenya, tangu 1924 hadi 1927 wakipiga picha za tembo na wanyama wengine. Mwaka 1926, akiwa na zaidi ya miaka 70, alifika Kenya mwenyewe pamoja na mfadhili mwenzake Daniel Pomeroy. Safari hiyo ilihusiana na kazi ya Carl Akeley, aliyekuwa akiliandalia Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la New York ukumbi wa wanyama wa Afrika. Mwaka uliofuata Eastman alichapisha simulizi la safari yake kwa gharama yake mwenyewe, na mwaka 1928 akarudi tena Afrika.

4. Kifaru na risasi

Tukio mashuhuri kuliko yote katika safari ya 1926 ni lile la kifaru. Eastman alikuwa na kamera ndogo ya sinema, zao la kiwanda chake mwenyewe. Alimkaribia kifaru kwa miguu akimrekodi. Kifaru akamgeukia na kumkimbilia. Mzee yule hakukimbia, aliendelea kurekodi. Wawindaji waliokuwa naye wakafyatua bunduki, na kifaru akaanguka hatua chache tu kutoka pale aliposimama. Wenzake walimsifu kwa utulivu wake, na tukio likawa hadithi ya kusimuliwa.

Tukiisoma filamu hiyo kwa kipimo cha windo, ni kazi bora. Umbali ni mfupi, hatari ni ya kweli, mtungaji hakutetereka. Tukiisoma kama matini, twaona jambo jingine. Utulivu wa mwenye kamera ulikuwa umekwisha kulipiwa kabla hajaanza kubonyeza, kwa kuwa bunduki zilikuwa tayari kando yake. Ujasiri wake ulitegemea kifo cha mhusika wake. Kifaru ndiye aliyefanya yaliyobaki.

Watetezi wa kamera wamezoea kusema kwamba ilikuja kuchukua nafasi ya bunduki. Mfano wa Eastman hauwaungi mkono. Katika nyumba yake ya Rochester, iliyofunguliwa kuwa makumbusho ya upigaji picha mwaka 1949, kulitundikwa ukutani kichwa cha tembo aliyemuua Afrika. Kilichopo leo ni nakala. Picha na kichwa havikupingana katika nyumba ile. Vyote viwili vilikuwa ushahidi wa aina moja, kwamba mwenye nyumba alifika, alikaribia na alirudi salama.

Hatusemi kwamba mapenzi yake yalikuwa ya uongo. Mtu asiyependa pori hatoki katika jumba lake akiwa na umri ule akalale hemani. Tunachosema ni kwamba mapenzi, yawe makubwa namna gani, hufuata sarufi iliyopo, na sarufi aliyoikuta Eastman ilikuwa na nafsi moja tu ya kutenda.

5. Wafanyao yaliyobaki

Kila safari ya aina hii ilibebwa na wapagazi, wapishi, madereva, walinzi wa usiku na wafuata nyayo. Hao wa mwisho ndio wanaotuhusu zaidi. Mfuata nyayo ndiye aliyejua tembo amelala wapi, upepo unatoka upande gani, na mnyama yupi ana mtoto. Kwa lugha ya uhakiki, alikuwa mtungaji mwenza wa picha, maana ndiye aliyeichagua pembe, saa na umbali. Hata hivyo jina lake aghalabu halimo chini ya picha. Martin Johnson alimtaja mmoja wao, Boculy, kwa heshima kubwa kama bingwa wa nyayo za tembo. Lakini hata huko sifa za Boculy ni sifa za chombo chema mkononi mwa mwenyewe.

Jambo la kushangaza ni kwamba lugha ya watu hao ilikaribishwa pale ambapo majina yao hayakukaribishwa. Filamu ya akina Johnson ya mwaka 1928 iliitwa Simba. Neno safari liliingia katika lugha za Ulaya likapoteza maana yake pana ya mwendo wowote, likabaki na maana ya matembezi ya tajiri miongoni mwa wanyama. Kiswahili kilitolewa kama pambo la jalada. Na katika filamu ya Congorilla ya mwaka 1932, iliyopigwa kwa sehemu katika misitu ya Ituri, Wambuti walifanywa kichekesho, wakipewa vitu vya kizungu ili watazamaji wacheke. Hapo twaona sarufi ya windo ikivuka mpaka na kumgeuza binadamu naye kuwa kitu cha kunaswa.

6. Pingamizi moja na jibu lake

Msomaji mwadilifu atatoa pingamizi: je, picha hizo hazikuokoa wanyama? Pingamizi hili ni zito, na lina mfano wake nchini mwetu. Mwaka 1921 Akeley alikwenda kwenye milima ya Virunga, akaua gorila watano kwa ajili ya makumbusho, na pia akawarekodi gorila walio hai kwa kamera ya sinema aliyoibuni mwenyewe. Alirudi akiwa mtetezi wao, na juhudi zake zilichangia kuundwa kwa Hifadhi ya Albert mwezi wa Aprili 1925, ambayo leo ni Hifadhi ya Virunga. Akeley alifariki Novemba 1926 na kuzikwa kwenye miteremko ya mlima Mikeno, miezi michache tu baada ya kuwa pamoja na Eastman nchini Kenya.

Tunakubali kwamba picha inaweza kumgeuza mwindaji. Lakini tuangalie nani alipewa nafasi ya kugeuka. Hifadhi ya Albert, na baadaye Hifadhi ya Upemba iliyoundwa 1939 katika Katanga, ziliwafungia wenyeji uwindaji, mashamba na uvuvi katika ardhi ya mababu zao. Mgeni aliyewaua gorila aliitwa mhifadhi. Mwenyeji aliyetega mtego kwa ajili ya chakula aliitwa jangili. Picha iliyopigwa kwa macho ya mgeni ilimsemea mnyama mbele ya dunia, lakini haikumsemea kwa jirani zake, wala kwa lugha yao. Uchungu huo haujaisha hadi leo, na walinzi wa hifadhi zetu wameulipa kwa damu yao.

7. Kipimo cha ukumbusho

Sasa tuje nyumbani. Katika miaka ya 1970 kuta za nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilipambwa kwa michoro ya rangi iliyonunuliwa kwa wachoraji wa mtaani: mamba muntu, askari wa ukoloni wa Mbelgiji, mandhari za kijiji na za pori. Watafiti Ilona Szombati na Johannes Fabian, waliofanya kazi katika chuo chetu wakati huo, waliona kwamba wenye nyumba na wachoraji walikuwa na neno la kuihukumu michoro hiyo: ukumbusho. Mchoro mzuri ni ule unaomkumbusha mtazamaji jambo na kumfungua kinywa asimulie. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikipeleka kipimo hiki mbali zaidi alipoichora historia nzima ya nchi, akimsimulia Fabian kila mchoro kwa Kiswahili.

Ukumbusho ni kipimo cha uhakiki kwa maana kamili ya neno. Hauulizi picha ilipatikana kwa ushujaa gani. Unauliza inamkumbusha nani jambo gani, na ni nani anayeweza kusimama mbele yake akasimulia. Kwa kipimo hiki picha isiyo na msimulizi ni picha pungufu, hata ikiwa kali kama kioo.

Kazi ya Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, inaweza kusomwa kama ukumbusho uliotumiwa kuihukumu picha ya windo. Katika kazi yake iliyoonyeshwa Oostende nchini Ubelgiji mwaka 2014, yenye jina linalounganisha uwindaji na ukusanyaji, Baloji alichukua albamu ya picha za kamanda Pauwels, aliyewinda Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1910, akaikabili na picha za vita za Kivu ya leo zilizotokana na Chrispin Mvano. Mwindaji aliyesimama juu ya mzoga anajikuta ameketishwa na majirani asiowatarajia. Mtazamaji wa albamu ya zamani aliulizwa ahesabu pembe. Wa Baloji anaulizwa akumbuke kilichofuata baada ya pembe kwisha. Udhaifu wa kazi hii, kwa maoni yetu, ni kwamba imeonekana zaidi Ulaya kuliko kwetu, na maneno yanayoizunguka hayakuandikwa kwa Kiswahili.

Mfano wa pili hautoki kwa msanii. Rodrigue Katembo, mlinzi wa hifadhi ya Virunga, alitumia kamera ya siri kukusanya ushahidi wa hongo katika harakati za kutafuta mafuta ndani ya hifadhi. Alikamatwa na kuteswa mwaka 2013. Picha zake zilitumika katika filamu Virunga ya mwaka 2014, na mwaka 2017, akiwa mkuu wa Hifadhi ya Upemba, alipata Tuzo ya Goldman. Katika picha hizo mnyama haonekani kabisa, nazo zimemtetea kuliko picha nyingi zinazomwonyesha kwa ukaribu. Mfuata nyayo, hatimaye, ameishika kamera mwenyewe.

8. Lechwe wa Upemba

Tuvijaribu sasa vipimo vyetu viwili kwa picha moja. Katika mabonde yenye maji ya Upemba anaishi swala wa majini, lechwe wa Upemba. Alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005 na mtafiti Fenton Cotterill kutokana na ngozi na mafuvu yaliyokuwa makabatini katika makumbusho, akapewa jina la Ansell, bingwa wa wanyama wa Zambia. Kwa miaka 20 sayansi ilimjua mnyama huyu akiwa mfu. Mwaka 2025 watafiti walitoa matokeo ya hesabu iliyofanywa kwa ndege: walimwona mara chache mno, jumla wanyama 10, wakakadiria kwamba waliobaki hawafiki 100. Pamoja na hesabu hiyo walichapisha picha, inayotajwa kuwa ya kwanza kuchapishwa ya lechwe wa Upemba akiwa hai.

Kwa kipimo cha Eastman picha hiyo ni hafifu. Imepigwa upesi kutoka angani, mnyama yu mbali, hakuna hatari, hakuna shujaa. Kwa kipimo cha ukumbusho ni miongoni mwa picha nzito zaidi zilizowahi kupigwa katika Katanga. Inamkumbusha mvuvi wa Upemba mnyama ambaye babu yake alimjua kwa makundi makubwa. Inaukumbusha mji wa Lubumbashi kwamba nyama ya porini inayofika sokoni ina idadi, na idadi hiyo ina mwisho.

Lakini ukumbusho unahitaji msimulizi, na hapa ndipo penye hatari. Picha hiyo imeifikia dunia kwa Kiingereza. Ikiwa wavuvi wanaoishi na mnyama huyo hawataiona, wala hawataulizwa wanamwitaje, basi siku mnyama atakapotoweka tutabaki na picha moja, jina la mgeni, na kimya. Picha itakuwa imerudi kuwa kichwa cha tembo ukutani.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba mapenzi ya mfanyabiashara wa Rochester yalikuwa ya kweli, na kwamba yaliifundisha dunia kumtazama mnyama kwa jicho la mwindaji hata pale bunduki ilipowekwa chini. Tumeona pia kwamba mji wetu hauna haja ya kuazima kipimo cha kuyahukumu mapenzi hayo, kwani ulikuwa nacho ukutani tangu zamani.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo mawili kwa idara za lugha. La kwanza ni kwamba wanafunzi wanaoandika tasnifu za isimu wapelekwe Upemba na Kundelungu kukusanya majina ya wanyama, pamoja na masimulizi yake, kwa Kiluba, Kisanga, Kibemba na Kiswahili cha huko, kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka. La pili ni kwamba kila picha ya pori itakayoonyeshwa chuoni iandikwe chini yake, kwa Kiswahili, jina la mnyama, mahali, mwaka, na jina la mtu aliyemwongoza mpiga picha. Hilo la mwisho ni dogo kwa gharama. Ni mstari mmoja tu wa wino, lakini ndio unaomrudisha katika tungo yule aliyefanya yaliyobaki.

Lechwe waliobaki hawafiki 100. Kazi hii haiwezi kungoja mwaka mwingine wa masomo.